Isale kwa Mkuu wa Maktaba

Dada Eliaika,

Shikamoo dada yangu. Huku Arusha mvua ya Meru haina adabu, lakini moyo wangu leo umetulia.

Juzi nilimpelekea Aikande kiburu cha moto, ndizi zetu za maharage, pale chuoni. Nikamkuta maktaba, kanga kiunoni, anadeki maji yaliyovuja darini. Mwanangu, mkuu wa maktaba! Nikajua wamemshusha cheo, maana siku hizi watu wanapunguzwa kazi ovyo. Nikamwachia kiburu chake nikaondoka bila kumuuliza; usiku hata usingizi sikupata.

Asubuhi nikachuma jani la isale kwenye ua wa jirani, nikaenda nalo kumwombea msamaha kwa huyo mkuu mpya aliyechukua nafasi yake, kama ilivyo desturi yetu Wachaga: anayepelekewa isale hakatai kusamehe. Binti mmoja mwanafunzi akanipeleka mpaka kwa Aikande, yuko juu ya ngazi anamshushia mtu kitabu.

"Huyu namjua, nimemzaa," nikasema. "Nataka bosi."

"Ndiye bosi, mama. Zamani hapa tulikuwa tunakaripiwa tu. Siku hizi ukikosa kitabu, anakitafuta na wewe."

Aikande akaliona jani. "Mama, nani kakosa?"

"Wewe! Si nilikuona unadeki?"

"Vitabu vingelowa, mama. Ningekaa ofisini namsubiri mfagizi?" Akalipokea jani kwa mikono miwili. "Haya, nimejisamehe."

Maktaba nzima ikacheka, mahali ambapo hata kukohoa ni kosa!

Wakikuuliza kanisani, sema mtoto wetu ni bosi kamili. Na la kudeki uwaambie pia, kwa sauti.

Mungu akutunzie magoti yako hayo yanayouma, dada.

Mdogo wako,
Mama Aikande