Sindano Kabla ya Jino

Jumatatu, 13 Mei 1957

Mdomo wako utatuponza, Zaina. Nimekwambia njia nzima, toka Ngamiani mpaka hospitali: ukiulizwa, sema jino. Jino la nyuma, chini, kushoto. Basi. Daktari wa meno kakuuliza kama uliwahi kuugua ukalala kitandani, nawe ukamwaga yote. Magoti yaliyovimba. Miezi miwili ya kulala. Moyo unaokwenda mbio ukipanda ngazi. Nani alikuomba hadithi?

Mjukuu mmoja ninaye, na kufunga mdomo hajui.

Daktari kaweka koleo lake chini. Kamsikiliza kifuani kwa ule mpira wa masikioni. Kasema homa ile ya viungo ilimharibu mlango wa moyo, hang'oi kitu mpaka apigwe sindano kwanza. Turudi Alhamisi.

Unga wa vitumbua umechacha bure. Nimemwaga.

Jumanne, 14 Mei

Nimewaza huku nachoma vitumbua. Jino liko mdomoni. Sindano inapigwa makalioni. Itafikaje huko? Nimemuuliza Zaina, kasema dawa inapita na damu. Kamuuliza nani? Daktari. Haya, sasa ana daktari wake.

Kuna kitu wanaficha. Mtu haweki koleo chini bila sababu.

Na wakwe wa Zaina wasijue habari ya moyo. Harusi ni mwezi wa Mfungo Tatu. Wakijua, posa imekufa.

Alhamisi, 16 Mei

Tumekwenda. Tumerudi. Jino lipo pale pale.

Dresa, msaidizi wa daktari, Mbondei mtu mzima mwenye miwani, katuonyesha foleni ya sindano. Nikaitazama foleni. Wa mbele namjua. Wa tatu namjua na mambo yake nayajua. Mlango ule Tanga nzima inaujua. Penisilini ndiyo wanayochomwa waliopata maradhi ya aibu. Leo mwari wangu, mchumba wa watu, asimame pale? Nimemshika mkono nikamtoa. Dresa anaita, "Bibi! Ngoja kwanza, bibi!" Sikungoja.

Na langoni nani kasimama, mguu kafungwa kitambaa? Rukia. Katuona tunatoka. Katutazama mpaka tukapinda kona.

Nyumba yake inatazamana na yangu. Maharusi wote wa mtaa huu yeye ndiye huwapaka hina. Miaka kumi na mmoja simwamkii. Mwanangu Mwanajuma, mama yake Zaina, aling'olewa jino na fundi wa koleo kule sokoni. Siku ile ile Rukia akamletea uji. Wiki ya pili homa ikaingia. Haikutoka mpaka tukamzika. Bakuli la uji ninalo, jeupe, lina mstari wa buluu. Sikulirudisha. Liko uvunguni, ushahidi wangu. Na nililoliona chini ya kucha za Mwanajuma sikumwambia mtu. Hata humu siliandiki.

Ijumaa, 17 Mei

Shavu limevimba kama andazi. Zaina hali. Anakunywa chai kwa upande mmoja.

Mchana kaja shangazi yake mchumba, ati kupita tu. Macho yanazunguka nyumba nzima. "Zaina anaumwa nini? Nasikia mlikuwa hospitali." Nikamwambia jino. "Jino tu?" Jino tu. Kaondoka na tabasamu silipendi.

Nani kampelekea habari? Simtafuti mbali. Yuko ng'ambo ya njia.

Nimekata shauri. Jumatatu kwa fundi wa koleo. Hana sindano, hana maswali. La Mwanajuma alilitoa zima, na mizizi yake.

Jumapili, 19 Mei

Nimevunja ncha ya kalamu kwa hasira. Naandika hivyo hivyo.

Rukia kapiga hodi. Kwangu! Anachechemea na fimbo. Nikasimama mlangoni nikaujaza.

"Mwanamvua, sikuja kwa ajili yako," kasema. "Nimesikia unampeleka mtoto kwa koleo. Usimpeleke. Mama yake alianzia pale."

"Mama yake alianzia kwenye uji wako."

Nimesema. Miaka kumi na mmoja nimelikalia, leo limetoka.

Kanitazama. Kumbe hata hakujua kuwa hiyo ndiyo sababu simwamkii. Halafu kasema, "Uji ule alikunywa nusu. Hakuweza kumaliza. Nusu niliinywa mimi, pale pale kitandani kwake. Wewe ulikuwa uani unachota maji."

Kaenda zake, kok, kok, na fimbo. Nikafunga mlango kwa kishindo, lakini alikuwa keshafika kwake.

Mwongo. Atasema nini kingine?

Zaina alisikia yote. Kaniuliza, "Bibi, mama alikuwa na moyo kama wangu?" Nikamwambia akaoshe sufuria.

Alikuwa nao. Utotoni magoti yalivimba vile vile. Alikuwa akienda kisimani anapumzika njiani mara mbili. Mie nikimwita mvivu.

Jumatatu, 20 Mei

Sikwenda kwa fundi. Nimemwacha Zaina, nikaenda peke yangu kwa dresa. Nilitaka kumtega. Mtu mwongo ukimpa hadithi nusu, anaimalizia anavyopenda.

"Shikamoo bibi." Marahaba. Nikamwambia kuna mtu namjua. Alikuwa na moyo mbaya. Akang'olewa jino bila sindano. Wiki ya pili akapata homa. Nikanyamaza hapo.

Kavua miwani. "Homa ndogo ndogo, jioni inapanda? Anakonda, hana nguvu?"

Homa yoyote iko hivyo, nikamwambia.

"Na chini ya kucha, bibi? Hakuwa na vimistari vyeusi, vyembamba, kama vibanzi vimemchoma?"

Nimekaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Ndivyo vilivyokuwa. Vidole vinne. Nilidhani ni hina imeingia vibaya. Nikasugua kwa ndimu, havitoki. Nikasema hii ni sumu, na mwenye mkono wa hina namjua. Wala sikumwambia mtu yeyote duniani. Huyu Mbondei kajulia wapi?

Kasema kawaona wengi wodini. Jino likitoka, uchafu wa kinywa unaingia kwenye damu. Kwa mwenye moyo mzima unapita tu. Kwa mwenye mlango wa moyo uliokwaruzika, unanasa pale, unakaa, unakula. Sindano inautangulia. Moja kabla ya jino, nyingine siku mbili zinazofuata. Wakati wa Mwanajuma dawa hii kwetu haikuwapo.

"Na wale wa foleni?" nikamuuliza.

"Dawa ni moja, bibi. Maradhi mbalimbali. Dawa haina aibu."

Nimerudi kwa miguu. Nimepita mlango wa Rukia nikiangalia chini.

Jumanne, 21 Mei

Zaina kasimama kwenye foleni. Mie mbele yake, uso wazi, kila mtu anione vizuri.

Mwanamke mmoja kaniambia, "He, Bi Mwanamvua! Hata wewe?"

"Hata mie. Na wewe hii ya ngapi?"

Foleni nzima imecheka. Yeye kajifunika uso kwa ukaya.

Sindano. Tumengoja kama nusu saa. Ganzi. Jino limetoka vipande viwili. Zaina hakulia. Nililia mie, nikasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Alhamisi, 23 Mei

Sindano ya tatu, ya mwisho. Dresa kasema tuangalie homa mwezi mzima. Kwa hiyo kumbe haamini dawa yake? Kasema anaamini, ila anaangalia. Hilo nimelielewa. Mie niko hivyo hivyo.

Nimempiga Zaina marufuku kupaka hina. Hata kidole kimoja. Nataka kuziona kucha.

Jumamosi, 1 Juni

Kila asubuhi namshika paji la uso, kisha namtoa mikono mwangani. Kucha kumi, moja moja. Amechoka nami. "Bibi, utazimaliza kwa kuzitazama."

Leo alikuwa na joto. Kumbe alikuwa jikoni anachoma vitumbua. Nimemgombeza kwa kunitisha.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe mwenyewe kaja. Jambo la kwanza kutazama ni mikono. "Mwari gani kucha nyeupe hivi?"

Nimemwambia yote. Moyo, sindano, foleni, mama yake Zaina. Siwezi kuficha tena, kuficha kumenilia mtoto mmoja. Nikamwambia na wajukuu wake watakapozaliwa, mama yao asing'olewe jino na mtu yeyote bila sindano, hata mie nikiwa kaburini. Asiyetaka, njia ndiyo ile.

Kamaliza kahawa yake. Kaaga. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Zaina kaingia chumbani. Sikumfuata.

Ijumaa, 21 Juni

Mwezi umetimia toka jino litoke. Hana homa. Kucha safi, zote kumi. Anakula kwa pande zote mbili.

Baada ya sala wakwe wameleta neno. Harusi iko pale pale. Mama mkwe kauliza tu, hina atapaka nani.

Nimelitoa bakuli uvunguni. Vumbi tu ndani, na buibui mmoja. Nimelikalia miaka yote hii, bakuli la mtu ambaye alikunywa nusu na mwanangu.

Sasa sikiliza, Mwanamvua, na usijifanye umesahau. Kesho asubuhi, kabla ya vitumbua, lioshe. Wewe, si Zaina. Bakuli la jirani halirudi tupu: chuma hina uani, itwange, itie ndimu, lijaze. Vuka njia. Piga hodi, umwamkie wewe kwanza. Umwambie mwari anamngoja.