Mgeni wa Kila Asubuhi

Geita

Mama yangu, shikamoo.

Huku ni kicheko tupu! Tovuti ya wauza mchele nimeimaliza, kwa masomo na zana za bure za mtandaoni. Ila wakati wa kujaribu niliweka picha yako ukipepeta, nikasahau kuitoa. Sasa wateja wanapiga simu wanamtaka "yule mama wa ungo"!

Tangu niache uuguzi, baba hataki kusikia jina langu. Najua. Lakini zana moja hunionyesha wanaoitembelea tovuti wako wapi na wanasoma sehemu gani. Kila asubuhi kuna mtu wa hapo kwetu Tinde, anashuka mpaka chini kabisa, palipoandikwa "Imetengenezwa na Limi." Anakaa hapo.

Wewe una kitochi, mama, hakifungui mtandao. Mwenye simu janja hapo nyumbani ni mmoja tu. Nifikishie kwake shikamoo yangu.

Mwanao,
Limi