Kwa Mama Veneranda, Uliyelinda Mazalia ya Kuhe

Dumu la njano halipo tena majini, Mama. Ndilo nililoliona kwanza nilipoteremka juzi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka, na lile dumu ulilolifunga kwa kamba na jiwe, kuonyesha kwamba kuanzia hapo hadi kwenye miamba hakuna kutupa wavu kwa sababu samaki aina ya kuhe wanalea watoto wao, mtu amelikata.

Ulikuwa mwanamke pekee katika kamati ya mwalo. Mchana kutwa ulianika dagaa, jioni ukazunguka ghuba kwa miguu, kitenge umekikaza kiunoni, ukimsalimia kila mvuvi kwa jina la mama yake ili aone aibu kukudanganya. Wateja wako wa soko la Gungu hukuwahi kuwafichia dagaa wabichi chini ya wakavu.

Nilipoacha shule darasa la tano hukunisema. Watu wakinicheka kwa ukimya wangu, uliwaambia, "Mwacheni Marcelina. Huyu maneno yake yako mikononi."

Vita vilipowavusha watu kutoka Burundi, mitumbwi yao ilifikia kwenye ghuba yako kwa kuwa ina maji matulivu. Wakalala mchangani. Siku moja ukamkuta Generoza akichota vifaranga vya samaki kwa chandarua alichopewa na watu wa misaada. Sheria ya kamati ilisema wavu ukikamatwa kwenye mazalia unachomwa. Ukamuuliza ana watoto wangapi. Wanne.

"Nikikichoma, watalalaje na mbu hawa?" ulimwambia. "Usiku wafunike wanao. Lakini ukikiingiza tena majini, nitakukimbiza mwenyewe hadi Bujumbura."

"Ego, Mama," alijibu ndiyo kwa Kirundi, huku anacheka. Hakukiingiza tena. Nawe ukawa unampelekea bakuli la dagaa kila jioni.

Samaki walipopungua, kamati ikaitisha mkutano. Kila aliyesimama alisema ni wakimbizi. Ukasimama nawe. "Chandarua hakiwezi kumaliza ghuba. Kuna kokoro, wavu ule mkubwa, linavutwa hapa alfajiri, linakokota kila kitu mpaka mayai, na wenye nalo ni watu wa hapa hapa."

Mjomba Feliksi, mdogo wako wa tumbo moja na mwenyekiti wa kamati, akatabasamu. "Dada, hilo kokoro nani ameliona?"

"Kaliota," mtu akasema kutoka nyuma. "Wakimbizi wanampikia maharage, akishiba anaota."

Mwalo mzima ulicheka. Ulitutazama mara moja, upande huu na upande ule, ukaketi.

Walikuondoa kwenye kamati siku ile ile. Kesho yake lori lilikuja kuwapeleka wakimbizi kambini, na kabla halijaondoka walichoma chandarua cha Generoza mbele ya watoto wake. Huo ndio wavu pekee kamati iliouchoma mwaka ule. Ulirudi nyumbani, hukula. Wiki sita baadaye malaria ikakuchukua, na waliokucheka wakasukumana kubeba jeneza lako.

Nina hasira, Mama. Makaburini walikuita mtetezi wa ziwa, nami nilitamani kuwajaza mchanga midomoni. Wakimbizi wameondoka mwaka mzima sasa na ghuba ni tupu. Hakuna wa kumsingizia, kwa hiyo siku hizi wanasema ni upepo, ni mwezi, ni mkosi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa Baba kusema, "Mama Noel alisema kweli." Mtu mzima anaweza kuomba mchele wa matanga, akala akashiba, na neno hilo moja likamshinda.

Kaka Noel aliniagiza niandike maneno mazuri, mafupi, yabandikwe kwenye ubao wa kigangoni na pale mwaloni. Mazuri ni haya ya kwako. Mengine ni yao.

Unakumbukwa na mumeo Dismasi, wanao Noel, Erica na mimi Marcelina, wajukuu zako wawili, na Generoza, aliyetuma salamu kutoka kambini akisema bado anakuombea. Mdogo wako Feliksi naye ametaka jina lake liwemo, na nimeliandika. Hatutakusahau siku zote za uhai wetu.

Na lipo jambo ambalo sikulisema mkutanini, wala kitandani kwako ulipokuwa unaumwa. Kokoro nililiona mimi. Nilikuwa ziwani alfajiri naosha sufuria, na aliyeshika kamba ya mbele alikuwa Mjomba Feliksi. Alinipa kuhe mmoja mkubwa ili ninyamaze. Nilimpokea. Nilimpika mchana ule, nikakuandalia, nawe ukala, ukausifu mchuzi.