Aliyefungua Faili la Mariamu

Ikungi, Singida

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua Tusekile anakusomea haya kwa sauti ya juu na kwamba umeshaitikia marahaba, kwa hiyo naendelea. Mwili wangu hauna shida. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa, au bado mnamsubiri? Huku tumevuna alizeti, upepo ni mwingi na vumbi linaingia mpaka ndani ya kompyuta. Nikiwaambia watu wa hapa kwamba kwetu Tukuyu nguo zinaweza kukaa kwenye kamba wiki nzima bila kukauka, wanadhani natania.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilisema "mfumo", wewe ukasikia "mfungo", ukaniuliza tangu lini nafunga. Basi nitakujibu kwa karatasi yale mambo mawili uliyouliza: kazi ninayofanya huku ni kazi gani hasa, na mdogo wangu Ambokile akimaliza chuo cha kompyuta afanye nini ili apate kazi.

Niko kwenye kituo cha afya cha watu binafsi, kando ya njia kuu. Wagonjwa wanatoka vijiji vya karibu, wengine Ihanja, wengine mbali zaidi. Mgonjwa akifika mapokezi jina lake linaandikwa kwenye kompyuta, daktari analiona akiwa chumbani kwake, maabara wanaingiza majibu ya vipimo, na wa dirisha la dawa anaona ampe nini. Programu inayounganisha vyumba hivyo ndiyo ninayoiangalia mimi. Ni kama wewe na zile mashine za kiwanda cha chai, ila hii yangu haina grisi, na ikiharibika haipigi kelele. Unaweza kukaa nayo mbovu muda mrefu na usijue.

Mwaka huu tulikaa nayo mbovu, na nataka nikueleze ilivyokuwa.

Kila mfanyakazi hapa ana jina lake la kuingilia kwenye mfumo na neno lake la siri, ambalo ndilo ufunguo. Ukiingia kwa jina lako ukafungua faili la mgonjwa, mashine inaandika kwamba fulani amefungua faili hili saa fulani. Fundi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mkali. Aliweka sheria kwamba kila mwezi neno la siri libadilishwe, liwe na herufi kubwa na ndogo, tarakimu, na zile alama ambazo watu hawajui hata zinaitwaje. Kwenye vitabu vyetu vya chuo huo ulihesabika kuwa usalama. Hapa, muuguzi alikuwa anasimama mbele ya kompyuta, mama mjamzito anaugulia kwenye benchi, naye amesahau lile neno la mwezi huu. Akikosea mara chache mfumo unamfungia nje. Afanye nini? Anageuka mapokezi anauliza, "Halima, nipe ya kwako."

Halima ni karani wa mapokezi, mama wa makamo, mwenye kumbukumbu nzuri kuliko sisi sote. Yeye peke yake hakuwa anasahau. Polepole kituo kizima kikawa kinaingia kwa jina la Halima. Nilipofika niliuliza habari hiyo, mganga mfawidhi, yaani daktari anayesimamia kituo, akanijibu kwamba foleni ni ndefu na kazi inakwenda, niache.

Sasa kuna dada anaitwa Mariamu, fundi cherehani, mwenye kibanda chake karibu na stendi. Alikuwa amechumbiwa. Ana virusi vya UKIMWI, na anatumia dawa zake vizuri. Haya nakuandikia kwa ruhusa yake, kwa kuwa sasa haoni tena cha kuficha, na ananiambia mwenyewe nisizunguke maneno. Mchumba wake alijua tangu mwanzo, Mariamu alimwambia kabla hata posa haijapelekwa. Ambaye hakujua ni mama mkwe. Siku moja mama mkwe huyo akaja kibandani, mbele ya wateja, akauliza kama ni kweli. Alitaja mpaka jina la dawa.

Mariamu alifunga kibanda akaja kituoni. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisimama mbele ya mapokezi akasema, "Nataka kujua nani alifungua faili langu."

Nikaitwa ofisini kwa mganga mfawidhi. Nilitafuta kwenye mfumo, na mashine ikatoa jibu moja tu: Halima. Faili lilifunguliwa na Halima, siku ambayo Mariamu hakuwa na miadi yoyote.

"Basi tumempata," mganga akasema.

"Tumepata jina," nikamwambia. "Jina hilo linatumiwa na watu wote humu ndani."

"Lakini ni la kwake."

"Ni la kwake. Siku hiyo hiyo jina hilo limeandika majibu ya maabara na limetoa dawa dirishani. Halima hajui kupima damu."

Akaniambia jambo ambalo nililitegemea. Wenye kituo wanataka taarifa, na wanataka iwe na mtu ndani yake. Niandike tu kile ambacho mashine imeonyesha, nisiongeze maelezo. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, naye ndiye anayetoa maoni kama uongezwe. Hakulisema hilo kwa vitisho. Alilitaja tu, kama mtu anayekukumbusha kufunga dirisha.

Halima alikuwa nje, amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilipotoka aliniuliza, "Umesema ni mimi?"

"Nimesema siwezi kujua."

"Mimi ndiye niliyewapa wote," akasema. "Wangeniomba nikatae? Wagonjwa wakae?"

Nilikwenda nikaandika taarifa. Nilieleza kwamba mfumo unajua jina lililoingizwa, na kwamba kwa namna tulivyoutumia hauwezi kumtaja mtu. Niliandika pia kwamba kumfukuza Halima kutamwacha aliyefanya jambo hili akiwa bado kazini. Nikampelekea mganga nakala, na nyingine nikaituma kwa wenye kituo, nikamwambia kwamba nimeituma. Alisoma mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mfumo wako hauna maana?"

"Kwa jambo hili, hauna."

Akaiweka kwenye droo, akaita mgonjwa aliyefuata. Nilianza kuwaza kurudi Dar es Salaam. Baba, unakumbuka nilivyohangaika kule kabla ya kuja huku. Kila tangazo la kazi lilitaka uzoefu wa miaka, na kila usaili ulianza na vyeti. Kampuni moja iliniambia nitengeneze programu nzima kama jaribio, nikatengeneza, wakaichukua na hawakunipigia simu tena. Sikutaka kuanza upya foleni ile. Lakini taarifa ilikuwa imeshakwenda.

Aliyemaliza jambo lile ni Mariamu mwenyewe. Aliposikia kwamba Halima ndiye atakayefukuzwa, alitembea mpaka nyumbani kwa mama mkwe, akamkuta anapepeta mtama. Alimsalimia kama inavyotakiwa, akapiga goti, na yule mama, kwa kuwa salamu ya namna hiyo haiachwi bila kuitikiwa, akaitikia. Kisha Mariamu akamwuliza, "Mama, ni nani alikuambia?"

"Unauliza ili iweje?"

"Kuna mama mwenye watoto anataka kufukuzwa kazi kwa ajili yangu. Kama ni yeye, sawa. Kama siye, sema."

Yule mama aliweka ungo chini. Halafu akasema ni mtoto wa dada yake, muuguzi msaidizi pale kituoni, aliyemwambia kwa nia njema, ili asije akaingia kwenye jambo asilolijua. Mariamu alimshukuru, akaja kutuambia. Msichana yule alipoitwa hakukana. Alisema neno la siri la Halima lilikuwa linajulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuona kama anaiba. Ameachishwa kazi. Halima yupo mapokezi mpaka leo, ila na mganga mfawidhi wanasalimiana tu, basi.

Mariamu na mchumba wake walifunga ndoa kanisani asubuhi moja, watu wachache. Mama mkwe hakuja. Nilimpa Mariamu hongera, akaniambia kwamba alikuwa amepanga kumwambia yule mama yeye mwenyewe baada ya mavuno, na maneno ya kumwambia alikuwa ameshayatafuta. "Kilichoniuma ni hicho," alisema. "Walisema kabla yangu."

Wenye kituo waliniongezea mkataba, nami nikaweka sharti kwamba niachiwe kurekebisha mambo ya maneno ya siri. Nilifuta ile sheria ya kubadilisha neno kila mwezi. Sasa kila mtu ana neno lake, refu, la maneno manne au matano ya kawaida ambayo hayana uhusiano, na nikawaambia wayachague kwa lugha ya nyumbani kwao. Wanyaturu wanatumia Kinyaturu, mtu wa maabara aliyetoka Manyoni anatumia Kigogo. Hakuna anayesahau. Na akisahau, ninamfungulia mimi baada ya kuuona uso wake, hapohapo, kabla mgonjwa hajachoka kusubiri. Chuoni tulifundishwa kwamba watu ndio udhaifu wa mfumo. Siku hizi nikikuta watu wote wanakwepa sheria, naanza kwa kuikagua sheria yenyewe.

Hapo ndipo linapoingia swali la Ambokile. Tulipewa ruhusa ya kuajiri mtu wa pili, nami nikawa upande wa pili wa meza kwa mara ya kwanza. Barua za maombi zilikuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi zinafanana mpaka makosa. Vyeti sikuvipuuza, lakini niliwauliza wote swali moja: muuguzi amesahau neno lake, mgonjwa yuko benchi, utafanya nini? Wengi walinieleza kompyuta. Binti mmoja aliyesoma Dodoma aliniuliza kwanza, "Huyo muuguzi ninamfahamu kwa sura?" Huyo ndiye tuliyemchukua. Mwambie Ambokile asikimbilie kujaza majina ya lugha za programu kwenye barua yake. Atafute sehemu moja, hata duka la dawa la shemeji, akae pale atazame watu wanavyohangaika na mashine zao, awatengenezee kitu kimoja kidogo, na akae nacho mpaka kiharibike akirekebishe. Akija kwenye usaili na habari ya hicho kitu, atakuwa na la kusema. Na mtu akimwambia atengeneze programu nzima kama jaribio, aondoke.

Mariamu bado anakuja kuchukua dawa. Kila akija anapita chumbani kwangu, anavuta kiti, anasema, "Nisomee." Namsomea majina ya waliofungua faili lake tangu alipokuja mara ya mwisho: daktari, maabara, dirisha la dawa. Anasikiliza kila jina, anasema "haya," anachukua mkoba wake, anakwenda.

Juzi nilipomsomea, kulikuwa na jina jingine.

"Na huyo?" akauliza.

"Ni mimi. Tarehe za miadi zilikuwa zinajichanganya, nikafungua mafaili kadhaa kurekebisha. La kwako lilikuwamo."

"Uliona nini?"

"Niliona tarehe."

Alinitazama bila hasira, kama anavyotazama mshono kabla ya kuukubali. "Siku nyingine uniambie kabla," akasema.

Nikamwambia sawa, nikaandika namba yake ya simu ukutani mbele ya meza yangu.

Nisalimie mama mdogo wa Kiwira, na mjomba mzee wa kanisa, mwambie bado nasali ingawa nakaa nyuma. Shemeji wa duka la dawa mwombe nafasi ya Ambokile kwa jina langu. Tusekile, ahsante kwa kusoma. Usiruke sehemu yoyote hata kama Baba amesinzia. Nitakuja mvua zikitulia na barabara ya kwetu ikipitika, na nitaleta kuku wa huku, ambao Baba umewasikia bila kuwaona.

Ni mimi mwanao,
Lusajo