Siyo Kifua, Mama

Ubaruku, Mbarali

Mama yangu mpendwa,

Kamwene mama, shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Ukungu wa huko umeachia hata kidogo, au bado mnaanika nguo siku tatu? Mimi ni mzima. Nilitaka kupiga simu nikashindwa, maana simu yako inasikika mpaka kwa jirani, na haya hayafai jirani ayasikie kabla yako. Kaa chini usome taratibu. Kaka Festo yuko hai.

Unajua kazi yake hapa ni kupakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na jioni anacheza mpira na wenzake. Tangu nimemaliza shule nikaja kukaa naye, nilikuwa namwona akirudi mazoezini ameshika kifua. Nikimuuliza anasema, "Nina kifua, Vero. Kitaisha." Basi nikawa namchemshia tangawizi na kumpaka dawa ya kuchua, kama unavyotufanyia wewe. Wenzake walimcheka: "Hicho kifua cha Igowole! Umekuja na baridi yenu mpaka huku kwenye joto?" Naye alicheka pamoja nao.

Baadaye alikwenda zahanati, akasema vilevile, nina kifua. Mhudumu akamuuliza kama anakohoa. Akajibu, "Kidogo." Mama, alikuwa hakohoi kabisa. Aliniambia aliogopa akikataa angerudi bila dawa. Wakampa dawa ya kikohozi, akaimaliza yote, na maumivu yakaendelea kumjia kila akikimbia.

Wiki iliyopita mazoezi yalikwisha, akakaa pembeni ya uwanja kuvua viatu, akalala chali. Wenzake walidhani anafanya utani. Mmoja alimwita, "Oya, inuka, siyo kwa mama yako hapa!" Hakuitika. Nilikuwa napita na beseni la chenga za mchele nikaona wanakimbia. Alipofumbua macho alikuwa ameloa jasho, midomo imepauka, hakujua yuko wapi. Tukampakia kwenye bajaji, na kesho yake tukapelekwa hospitali Mbeya.

Daktari ni mama mmoja mpole. Festo akaanza tena, nina kifua. Akamwambia, "Mwanangu, niache mimi nitaje jina la ugonjwa. Wewe nionyeshe panapouma." Festo akaweka kiganja chote katikati. "Unakohoa?" "Hapana." "Panauma ukifanya nini?" "Nikikimbia. Na nikipanda na gunia." Daktari akamlaza, akampaka mafuta ya baridi na kuangalia moyo wake kwenye kioo. Alisema vijana wengi wakiumwa kifua ni misuli tu, lakini anayeumwa akikimbia na kuanguka haachwi hivihivi. Nyama ya moyo wa Festo imekuwa nene kupita kiasi. Amezaliwa na mwili wa namna hiyo. Asicheze mpira tena, asibebe gunia tena, na dawa asiache.

Tumerudi Ubaruku, na Festo ameelekea ukutani tangu siku hiyo. Jana alisema neno moja tu: "Sasa mimi nitakuwa mtu wa kazi gani?" Nilimkunjia shuka miguuni nikatoka nje.

Siku ileile ya vipimo daktari aliuliza kama kuna mtu kwetu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Unajua mimi kuongea na wakubwa ni shida. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba Baba alikufa kwa kifua. Akaniuliza, "Alikuwa anakohoa?" Nilikaa nikamkumbuka Baba. Nilikuwa mdogo, ila namkumbuka akiimba, akigombana na mbuzi, akikwangua matope kwenye jembe. Kukohoa sikumbuki hata mara moja. Mama, Baba alianguka? Alikuwa anapanda mlima ametoka kupasua mbao? Sikulaumu, hata sisi tumesema kifua hadi juzi. Niandikie ilivyokuwa, hata kama inakuumiza, maana daktari anaisubiri.

Ugonjwa huu unaweza kupita kwa watoto wote wa Baba. Mimi wamenipima, wameniona salama kwa sasa, ingawa nitarudi tena.

Msalimie bibi, mwambie kuwa Festo anapumzika tu. Msalimie shangazi kwenye pombe yake ya ulanzi, na mwalimu wa kwaya. Baba mdogo mwambie ukweli wote, akusaidie kumleta mdogo wetu Upendo hospitali hiyo ya Mbeya apimwe.

Najua amechaguliwa kukimbia mbio za shule na anafanya mazoezi kila asubuhi. Usisubiri mpaka aseme panauma. Barua hii ikikufika yuko shuleni, acha unachofanya, nenda ukamtoe uwanjani. Atalia, atasema unamwonea mbele ya wenzake. Mwache alie, mama. Mrudishe nyumbani akitembea polepole.

Mwanao anayekuombea,
Veronika