Kovu Halingoji Uchungu

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Hapa Mbagala tu wazima, babu yako na kikohozi chake kilekile. Ila roho yangu iko juu, na simu hupokei. Kwenye ujumbe wako unauliza: kovu la upasuaji linakuuma, uchungu haujaanza, ungoje?

Mimba yangu ya pili, nami nilikuwa na kovu. Siku zilikuwa bado. Nilikuwa nachambua mchele, likavuta kama nguo inayochanika. Mama mkwe akasema ni chango, ninyamaze, uchungu ukijulikana na wengi hukawia. Alinipenda, na ndivyo alivyofundwa. Nikanyamaza.

Jirani yetu Mama Hadija alikuja kuomba chumvi, akanikuta jasho jembamba linanitoka na mtoto hachezi tena. Akapiga yowe, mtaa mzima ukajaa uani. Hospitali wakakuta mfuko wa uzazi umechanika, na uchungu wenyewe haujaanza.

Mie nilipona. Mtoto, ambaye angekuwa mjomba wako, tulimzika.

Mama yako mdogo anaipiga picha barua hii akutumie sasa hivi. Mwambie mumeo, waambie majirani, usione haya. Majibu yako nataka uniandikie ukiwa hospitali.

Bibi yako