Medali Niliyoitoboa

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mama Neema, mke wangu mpendwa,

Amani ya Yesu iwe nanyi wote hapo Kindu. Mgongo wako unaendelea namna gani? Na mama mkwe, kile kikohozi kilimwacha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nilikuambia kwamba patron wangu, yule sonara mzee, aliahidi hivi: medali ya wasomi wanaochunguza miti ya msitu wa Masako ikipokelewa vizuri, atanishika kazini moja kwa moja, na atatupa chumba cha nyuma ya karakana, uje na watoto. Bon, akaniachia niimalize. Fedha tupu, upande mmoja mti mkubwa, upande wa pili jina la mama mzee anayetuzwa. Niliing'arisha mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Halafu nikaitoboa juu kwa ajili ya mkufu, kama ninavyozitoboa zote za Bikira Maria.

Patron alipoiona alikaa chini.

"Papa Neema, nani alikuambia utoboe? Medali ya wasomi haivaliwi. Inalala ndani ya sanduku."

"Sasa ikilala sandukuni inamusaidia nani?"

"Itamusaidia mutu atakayechukua nafasi yako."

Nikaziba tundu kwa uzi wa fedha huku nikisali. Alama ikabaki juu ya majani ya ule mti.

Asubuhi katibu wa wasomi akaja na yule mama mwenyewe, aangalie kama jina lake limeandikwa vizuri. Katibu akaona alama mara moja. Nikamweleza ukweli. Akasema hawezi kutoa kitu chenye kiraka. Mama akaichukua, akaishika kifuani.

"Kwangu kila kitu cha sandukuni wajukuu wanauzisha. Mwanangu, toboa tena, nitaivaa."

"Mama, hiyo si desturi yetu," katibu akasema.

"Na mwanamuke kulala porini miaka yote ile akipima miti, ilikuwa desturi?"

Katibu akacheka, akakubali. Nikatoboa palepale. Leo nimemwona kanisani, medali inang'aa juu ya liputa lake la kitenge, watu wanageuza shingo.

Donc, patron amenipa ufunguo. Chumba kina dirisha moja, paa linavuja kidogo upande wa mlango, lakini nimeshapata bati.

Unisalimie mama mkwe, kaka yako fundi wa baiskeli, na dada yangu wa kwaya. Watoto uwabusu.

Nijibu upesi, tafadhali, unijulishe mtakuja lini.

Mume wako,
Papa Neema